Butiki inataka kunilipa juu ya kila kliyenti: mbele ya kuuliza asilimia, uliza nani anahesabu

Swali:

« Yaya, jambo. Niko hapa Lubumbashi (Lshi), Kampemba. Niko na paji ya Facebook na siti moja kidogo ya intaneti, nasemaka paka mambo ya sola: pano, batri, onduleri, gani inafaa nyumba gani, gani ni ya bongo. Bantu banasoma, banauliza sana ku WhatsApp juu unajua SNEL ya umeme na sisi. Sasa patroni mumoja wa butiki ya mu sentre aliniambia nimutumie bakliyenti, atanilipa 5% ya kila kintu yenye batanunua. Rafiki yangu anasema ile njo afiliasioni, na kama ni vile afazali niende moja kwa moja ku Amazon. Mi sielewe bizuri: nani analipa nani, banajua namna gani kama muntu alitoka kwangu, na nitajua namna gani kama habaniibi? Na 5% ni mingi ao ni kidogo? Aksanti. »

Jibu:

Dada, jambo sana. Rafiki yako eko na haki ku kintu moja, ku ingine anapotea. Ile yenye patroni alikuambia ni afiliasioni kweli, ata kama ye mwenyewe haiite vile. Ya Amazon tutaifikia. Lakini uliuliza kama 5% ni mingi ao kidogo, na kila muntu anaanziaka pale, kumbe pale si fasi ya kuanzia. Anza na hii: nani atahesabu, na weye utaona hesabu yake namna gani? Juu 5% ya mauzo yenye inaandikwa mbele ya macho yako unaweza kuinunulia unga, lakini 20% ya mauzo yenye hauone, patroni anaweza kukuahidi ata kesho asubui, haimukoste kintu.

Unamujua komisioneri wa nyumba. Unatafuta nyumba Bel-Air, anakutembeza mu jua, anakuonesha ya kwanza, ya pili, ukiingia mu moja banamulipa, usipoingia siku yake ilipotea bule. Afiliasioni ni vile vile: mwenye bintu halipi juu ya kuonekana, halipi juu ya maneno mazuri, analipa paka kama feza imeingia kwake kupitia weye. Lakini komisioneri anakupeleka mupaka ku mulango, mwenye nyumba anamuona na macho yake. Ku intaneti hakuna mwenye anaona. Muntu anafika ku butiki, ananunua, anatoka, na hakuna anajua kama alisoma kwako siku tatu nzima ao alipita tu mu barabara akaona kibao. Mambo yote yenye utasikia mu hii kazi, malinki marefu, makuki, marezo, makode, yote ilitungwa juu ya kujibu paka swali moja: uyu alitoka wapi?

Nani analipa nani. Mwenye bintu njo analipa, kila mara. Kliyenti halipi ata franka moja zaidi, na kama unasikia butiki inabapandishia bei benye banatoka kwako, toka pale mbio, juu hapo banauzisha jina yako. Weye njo afilie: unaandika, unaonesha, unatuma. Kati yenu kunaweza kuwa rezo, maana yake kampuni yenye kazi yake ni kuhesabu mauzo ya mabutiki mingi, kukusanya feza na kugawia maafilie. CJ, yenye ilianza 1998 na jina ya Commission Junction, ni moja, Awin ya kule Berlin ni ingine, Rakuten nayo iko na yake. Rezo inachukua feza yake pembeni, na mara mingi ni mwenye bintu anailipa, haitoke mu komisioni yako. Sasa utaniuliza, patroni mwenye akili anakubali namna gani kulipa muntu wa katikati? Juu rezo haina faida ya kuficha mauzo, nayo inalipwa ku mauzo ile ile, basi afilie wenye habamujui patroni banamuaminia kupitia rezo. Patroni wako wa mu sentre hana rezo. Ye njo anauzisha, ye njo anahesabu, ye njo analipa, yote mutu mumoja. Sisemi ni mwizi. Nasema ata akikosa kuandika juu ya kazi mingi tu, weye hautajua.

Bantu bengi banafikiri Amazon njo ilianzisha hii kintu. Apana. Mu 1989 kule Marekani William Tobin alikuwa anauzisha maua kupitia Prodigy, kampuni yenye kuunganisha kompyuta za bantu ku laini ya telefone, wakati web yenyewe hakuna anaijua, na ku kila mauzo Prodigy inapata komisioni yake. 1994 CDNow, duka ya miziki, ikaanza kulipa masiti yenye kuitumia banunuzi. Amazon ilikuya Julai 1996, ilikuwa na mwaka moja tu tangu ianze kuuzisha buku, na akili yake ilikuwa kufungulia kila muntu mwenye siti, ata ile ya kidogo yenye kusomwa na bantu makumi mawili. Nakuambia ile juu uone benye bintu bapendea nini. Patroni akiweka dola 50 mu publisite ya Facebook, ile feza inaenda leo, bauze basiuze. Na weye hatoe kintu mupaka kwanza auzishe. Ile hatari yenye alikuwa nayo haikupotea, ilihamia kwako: ni weye unapiga picha, unajibu maswali saa tano ya usiku na mega zako, na kama muntu hakununua ni weye umetumika bule. Kwa hiyo komisioni si zawadi, usiipokee na magoti.

Sasa namna inahesabiwa ku intaneti, bila kukuchosha. Banakupa linki yenye iko na namba yako ndani. Muntu akiifinya haendi moja kwa moja ku butiki, anapita kwanza ku mashini ya rezo, ata hasikie, ile mashini inaandika namba yako na saa, kiisha inamutuma kule. Mu navigateri yake, Chrome ao Safari, inabakia maandishi kidogo yenye banaitaka kuki, yenye kusema uyu alitoka kwa fulani. Akilipa, ile paji ya mwisho yenye kusema aksanti inajulisha rezo: mauzo imefanyika, bei ni hii. Rezo inasoma kuki, inaona namba yako, inakuandikia. Kuko na namna ingine yenye mashini ya butiki inaongea na mashini ya rezo bila kupitia ku telefone ya kliyenti, na ile njo ya nguvu zaidi siku hizi.

Kuki iko na maisha yake, na hapa njo unapashwa kusoma kontra na miwani. Ku Amazon ni masaa 24. Kliyenti akiweka kintu mu kikapu ndani ya ile masaa 24, banakupatia mupaka siku 90 amalize kununua ile kintu, lakini kama aliangalia tu, akalala, akarudi kesho kutwa mwenyewe, haupate kintu. Maprogramu ingine inatoa siku 30, kuko ata na zaidi. Sola si sabuni, muntu hanunue batri ya mamia ya dola siku ile ile aliisoma, anauliza bibi yake, anauliza fundi, anangojea mushahara. Basi kwa kazi yako weye, urefu wa siku iko na maana kupita asilimia. Mwenye kukupa 3% na siku 60 ni muzuri kupita mwenye 6% na siku moja.

Na kuko sheria ya pili yenye bantu habaijui mupaka iwaumize: mara mingi mwenye kufinyiwa wa mwisho njo anachukua yote. Weye umemufundisha kliyenti wiki mbili, amejua tofauti ya batri ya jeli na ya litiamu kwako, dakika ya mwisho anafinya linki ya muntu mwingine mwenye alitia tu « punguzo 5% hapa », komisioni inaenda kwa ule. Mu Desemba 2024 kulikuwa na fujo mukubwa kule YouTube juu ya Honey, ile programu ya kutafutia bantu makode ya punguzo, yenye PayPal ilinunua 2020 na karibu dola bilioni 4. Banaishitaki kama ilikuwa inaingia dakika ya kulipa na kuweka namba yake fasi ya namba ya yule mwenye alileta kliyenti. Ma-yutuba bamoja bakaenda tribinali juu yake. Ona ile hesabu: kwa ma-yutuba fujo yote ilikuwa mu swali ya nani alimuleta kliyenti.

Upande wa mwenye bintu nako kuko kulia. eBay ilikuwa na maafilie wakubwa wawili kule California benye balikuwa banaangusha kuki mu navigateri ya bantu benye habakufinya kintu, kiisha wale bantu bakienda eBay bo wenyewe kununua mambo yao, komisioni inatoka. Mukubwa wao alikuwa ameisha kulipwa karibu dola milioni 28. Bakakamatwa, bakakubali kosa, na mu 2014 mumoja akapata miezi 5 ya gereza, mwingine 15. Hivi patroni akikuuliza « nitajua namna gani kama ule muntu hakukuwa anakuya hata bila weye? », usikasirike. Ni swali ya haki, ni swali ile ile yako, ila anaitazamia upande ingine.

Sasa turudi Lshi, juu hapa makuki ya nani? Fikiria kliyenti wako namna eko. Anaona poste yako mu Facebook, anafinya, linki inafunguka mule mule ndani ya Facebook, mu navigateri yake ya ndani, kuki inabakia mule. Jioni anafungua Chrome anatafuta jina ya butiki: kuki haiko, juu Chrome haijue kintu ya Facebook. Mwenye iPhone ni mubaya zaidi, Safari inafungia makuki ya watu wa tatu yote (yenye haitoke ku siti yenye umefungua) tangu 2020. Na kiisha yote ile, analipa wapi? Anachukua taksi, anafika mu sentre, anagusa batri na mukono, anasema bei, analipa kesh ao na Airtel Money. Hakuna paji ya aksanti, hakuna mashini ya kuambia mashini ingine. Njo maana nasema usikubali patroni akuambie « tutaweka linki, kompyuta itahesabu ». Kompyuta haitahesabu kintu.

Kwenye inatumika hapa ni kode na WhatsApp. Kode ni rahisi: jina moja fupi yenye ni yako peke yako, kliyenti akiisema ku kese anapata kitu kidogo, tuseme kupunguziwa dola 5 ao kabo ya bule. Ile zawadi ni ya lazima. Bila ile kliyenti ataitaja juu ya nini? Atasahau, na hana kosa. Kode inaandikwa ku fakitire yenyewe, si mu daftari ya pembeni yenye inaweza kupotea siku ya kulipa. Na WhatsApp: tengeneza linki ya wa.me yenye iko na namba ya butiki na ujumbe umeisha kuandikwa ndani, yaani nyuma ya namba unaongeza ?text= na maneno, sawa vile « Jambo, nimetoka kwa paji ya sola, kode yangu ni hii ». Kliyenti akifinya, ujumbe unaonekana wenyewe, anatuma tu. Pale kila muntu mwenye alitoka kwako ameisha kujisema mwenyewe ku telefone ya butiki, na tarehe na saa viko pale. Haina bei, haitake fundi wa kompyuta, na hata patroni mwenye haamini intaneti anaielewa kwa dakika mbili. Mi naona kwa mji wetu ile inapita marezo yote.

Kiisha mutiane maandishi. Si lazima iende kwa avoka, ata ujumbe wa WhatsApp wenye ye anajibu « nakubali » ni muzuri kupita maneno ya mu mudomo, na Congo iko na Kode ya numeriki tangu 13 Machi 2023 yenye inatambua maandishi ya elektroniki. Muandike 5% ya nini: ya bei ya pano na batri peke yake, ao pamoja na kazi ya fundi na transporti? Mbele ya punguzo ao kiisha? Hapa njo bantu banagombanaka, juu fakitire ya dola 600 inaweza kuwa na dola 150 ya kazi ya fundi ndani, na patroni ataona si yake, na kusema kweli eko na haki. Muandike kliyenti akirudi kununua batri ya pili kiisha mwezi moja ni wako bado ao si wako. Muandike kama kliyenti ametaja kode mbili, nani anachukua. Na ile ya kurudisha bintu: batri ikirudi juu ni mbovu, komisioni inafutika, ile ni haki, ila iwe na siku, tuseme siku 14, isiwe mwaka. Ata Amazon inafanya vile, feza ya mwezi huu inalipwa karibu siku 60 kiisha mwezi kuisha, juu inangojea kwanza kama bantu batarudisha.

Utapata kuona hesabu siku gani? Omba picha ya mafakitire yote yenye iko na kode yako kila mwisho wa juma, si kila mwisho wa mwezi. Na fanya kintu moja yenye wale bakubwa wa hii kazi banafanyaka kule kwao pia: tuma ndugu yako mwenye patroni hamujui, anunue kintu ya bei kidogo na kode yako, taa moja ao kabo, kiisha ungojee. Ikitokea mu hesabu ya lile juma, muzuri. Isipotokea, usipige kelele mara moja, uliza kwanza « juma hii kulikuwa na nani na nani? » na usikie anajibu nini. Mutu wa kese anaweza kuwa alisahau, haswa kama hakuna mwenye alimufundisha, na patroni mwenye akili atamufundisha siku ile ile. Ikipotea mara ya pili, pale umeisha kujibiwa.

Sasa turudie asilimia. Piga hesabu ya patroni, fasi ya yako. Tuseme kit ya sola (pano na batri pamoja) anaiuzisha dola 400, na kiisha kulipa bandari ya Dar es Salaam, mupaka ya Kasumbalesa, duane, lori na butiki, inamubakilia 15%, maana yake dola 60. Akikupa 5% ni dola 20, inamubakilia 40. Ukimuomba 10% unachukua dola 40 na anabakia na 20, na kama ametoa tena punguzo ya dola 5 kwa kode yako, ni 15. Hataweza kudumu, atakubali leo juu anataka kukupendeza na kesho ataanza kukusahau mu fakitire. Kwa hiyo 5% ku mapano na mabatri ni bei ya muntu mwenye anafikiria, mi ningeikubali. Lakini ku bintu bidogo, taa, kabo, yenye faida yake inaweza kuwa mukubwa kupita, pale omba 10 ao 12. Ata Amazon haina bei moja: kule Marekani buku ya karatasi inalipa 4.5%, mashini ya kuchezea video 1%. Na Aprili 2020 wakashusha mingi kwa mara moja, meza na viti na mambo ya nyumba ikatoka 8% mupaka 3%, bantu benye balikuwa banaishi na ile wakaamka na nusu ya mushahara imeenda. Bei ni ya mwenye bintu, anaweza kuibadilisha, basi muandike kwenye maandishi yenu kama akibadilisha anakuambia siku 30 mbele, na kliyenti benye bameisha kutumwa banalipwa na bei ya zamani.

Kuko bengine batakuambia omba kulipwa juu ya kila muntu mwenye anauliza, si juu ya mwenye ananunua. Iko, na kwa mabanki na ma-asiransi inatumika sana. Kwa butiki ya sola sikushauri, juu bantu benye kuuliza bei bila feza ni bengi sana hapa, patroni atachoka mu juma mbili.

Amazon sasa. Programu yao ni ya kweli, haina bongo. Unajiandikisha bule, unapata namba yako, na unapashwa kuleta mauzo 3 ndani ya siku 180 kama hapana banafunga konti. Lakini bantu benye banakusoma beko Katuba, Ruashi, Likasi: beko na karte ya banki yenye inalipa ku intaneti? Onduleri ya kilo makumi mbili itafika hapa na nani, na kiasi gani? Linki yako itafinywa mara mingi na kununuliwa na hakuna muntu. Mbele ya kuingia mu programu yoyote ya inje, anzia nyuma: angalia kwanza paji ya malipo, namna gani banatuma feza, Congo iko mu liste ao haiko, kiasi gani ya chini yenye wanalipa. Ukiona feza haiwezi kukufikia, komisioni ya 50% haina kazi.

Ila kuko bantu bamoja mu paji yako yenye sijui kama uliwafikiria: ndugu zetu wa Bruxelles, wa Paris, wa Johannesburg, benye banalipiaka bazazi sola ya hapa. Wale beko na karte, na hofu yao ni moja tu, feza itakulwa njiani na batri itafika ya bongo. Ukimuomba patroni akubali kulipwa kutoka inje, na weye ukaenda siku ya kuweka ku nyumba ya mama yake, ukapiga picha na namba ya batri, ule kliyenti hajali dola 20 yako hata kidogo. Kwangu pale njo feza yako iko, kupita Amazon mara kumi. Na kwa ile kazi ya kwenda kuangalia, omba bei yake pembeni, si komisioni tena.

Malipo ya hapa ni rahisi: M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na konti ya dola kabisa, siyo franka, juu bei yenu ni ya dola na franka inatembea. Muandike nani anabeba makato ya kutoa.

Unapashwa pia kuambia basomaji wako kama unalipwa. Kule Marekani ni sheria, FTC, biro ya serikali yenye kuchunga biashara, inawafuata, na Amazon yenyewe inakulazimisha uandike wazi kama unapata feza ku manunuzi. Hapa hakuna atakufuata, lakini Lshi ni kidogo, mutu wa kese ataongea, na siku basomaji batasikia kwa mwingine, ile « gani ni ya bongo » yako hakuna atakayeiamini tena. Andika maneno kidogo juu ya poste: butiki hii inanilipa ukinunua na kode yangu. Na uendelee kusema ubaya wa bintu byao kama biko na ubaya. Patroni akikuzuia kusema batri fulani haifai, pale ameacha kukununua kliyenti, ameanza kukununua mudomo, na bei ya mudomo si 5%.

Neno moja juu ya rafiki yako, kama alisikia afiliasioni kwa bale bantu ba makundi ya WhatsApp. Kama banakuomba ulipe dola 30 ao 100 mbele ya kuanza, na kama feza yako inatoka ku bantu benye umeingiza, si ku kintu yenye imeuzishwa, ile haina uhusiano na yenye naandika hapa. Bazee wetu banakumbuka Bindo, ule muchezo wa feza wa kule Kinshasa, 1991, namna iliangukia bantu. Mu afiliasioni ya kweli kujiandikisha ni bule na mwisho wa njia kuko mutu mwenye alinunua pano na akaiweka ku paa.

Basi enda kwa patroni na mambo tatu tu siku ya kwanza: kode ku fakitire, linki ya wa.me ku namba ya butiki, picha za mafakitire kila juma. Usiongee asilimia kwanza. Akikubali ile tatu, kubali 5% yake ku mapano na umuombe zaidi ku bidogo. Akisema maandishi ni ya nini kati ya ndugu, usimugombeze, mwambie basi tufanye kama radio: alipe bei ya mwezi juu ya publisite ku paji yako, mbele, na weye uandike juu yake « publisite ». Bei ya kuanzia, angalia ni kiasi gani anawekaka ku Facebook mwezi moja, na umuombe nusu yake.